Gurudumu Haina Mama

Kamina nzima ilimwita Vizitere, na mimi sitamwita jina lingine. Jina lake la kweli lilikuwa kwenye karatasi za reli na kwenye kadi ya chama, kama la kila mtu wakati ule wa Zaire, lakini sikuwahi kusikia mtu akilitumia. Hata mke wake alimwita Vizitere, akimpakulia bukari, ugali wetu, na akimgombeza. Alizaliwa wapi, ukoo wake upi, sitakuambia, maana hayo hayasaidii kitu hapa. Namwandika kwa sababu ya goti. Goti la kuume la mdogo wangu Ngoy, ambalo Vizitere alilisikia na mimi nililijua, na hakuna kati yetu aliyefungua kinywa.

Vizitere ni neno la watu wa reli, lilitoka kwenye Kifaransa, na maana yake ni mkaguzi wa mabehewa. Treni ikiingia kutoka Lubumbashi, kabla haijagawanywa, mabehewa mengine kwenda Kananga na mengine kwenda Kabalo, alishuka kwenye reli na nyundo yake ya mpini mrefu, akapita gurudumu kwa gurudumu. Anapiga, anasikiliza. Anapiga, anasikiliza. Gurudumu zima linalia vizuri na mlio unakwenda mbali. Lenye ufa linajibu kama sufuria yenye maji. Abiria waliokuwa madirishani wakinunua ndizi na samaki wa chumvi hawakumtazama hata kidogo, na maisha yao yalikuwa kwenye sikio lake.

Mimi nilikuwa karani wa bohari ya reli, kwa hiyo nilimwona kila siku. Siku moja alisimamisha treni ambayo ndani yake, daraja la kwanza, alikuwemo mkubwa mmoja kutoka Kinshasa. Behewa la nne. Alipiga mara tatu, akainama, akapiga tena, halafu akachora msalaba wa chaki, maana yake behewa hili halitoki. Mkuu wa stesheni alikuja mbio, jasho linamtiririka na ilikuwa baridi ya mwezi wa sita. Akamwuliza kama ameuona ufa. Vizitere akasema hajauona, ameusikia. Mkuu wa stesheni akashusha sauti, akamwambia kwamba yule mkubwa anaweza kuwapeleka wote wawili mahali ambapo hakuna hata reli ya kuwarudisha. Sisi wa bohari tulikuwa tumesimama pale. Vizitere akaegemea behewa, nyundo begani, akangoja. Mafundi wakalitoa lile gurudumu, wakalipaka mafuta ya taa, wakalipangusa, wakalipaka chokaa. Kidogo kidogo mafuta yakaanza kutoka ndani ya chuma na kuchora mstari mweusi juu ya chokaa, mwembamba kuliko unywele. Mkubwa hakusema ahsante. Vizitere naye hakuwepo pale kuingoja, alikuwa ameshafika behewa la tisa.

Ungedhani mtu mwenye sikio la namna hiyo anaimba vizuri. Thubutu! Kanisani alikuwa na wimbo wake peke yake, sisi tukienda kushoto yeye anapanda kulia, na anaimba kwa nguvu, macho amefumba, raha tupu. Mwalimu wa kwaya alimweka mwisho wa mstari, karibu na mlango, akitumaini upepo utamsaidia. Mke wake alikuwa akificha uso kwenye kitambaa akicheka. Yeye hakujua. Nadhani mpaka leo hajui.

Na alikuwa adui mkubwa wa lutuku, ile pombe kali inayopikwa uani. Alihubiri juu yake hadi watu wakamkimbia. Lakini kila Jumamosi alikaa kibarazani, kichwa amekiinamisha upande, na mkewe akimdondoshea lutuku sikioni kwa kijiko, kusafisha, kisha sikio la pili. Ukipita wakati huo na ukayumba kidogo, alikuita na kukuonya kwamba lutuku inaua, na wakati huo huo inamchuruzika shingoni. Mtoto wangu wa kwanza alimwuliza mbona basi yeye anaitumia. Alijibu kwamba kinywa na sikio si ndugu.

Sasa mpira. Hapo ndipo Vizitere alipokuwa mtu mwingine.

Uwanja wetu ulikuwa vumbi na kokoto, upande mmoja nyumba za reli, upande wa pili njia ya kwenda Base, kambi ya jeshi. Watoto wa reli walitoka kila kabila, na watoto wa askari walitoka Zaire yote, Equateur, Bandundu, Kivu, wakiongea Lingala. Walichezea timu moja, lakini kila upande ulijua watoto wake. Vizitere alichuchumaa pembeni kabisa ya mstari, wenzake wamesimama wanapiga kelele, yeye kichwa chini, macho amefumba. Alikuwa akisikiliza miguu. Alisema mguu mzima unaingia ardhini na kutoka, na mguu mgonjwa unaingia na kukawia. Watu walicheka mwanzoni. Halafu mwaka hata mwaka akawa anasema huyu kifundo, huyu nyonga, na baada ya wiki mbili unamwona mtoto anachechemea, wakaacha kucheka.

Hakuwapa wachezaji mkono. Hata akishinda mtoto wa jirani yake, anampungia tu kwa mbali. Nilimwuliza kwa nini, akasema, "Mukono inadanganya sikio." Alikuwa anaogopa kuwapenda, hiyo ndiyo tafsiri yangu, na leo nadhani alikuwa na haki.

Kila kiangazi klabu moja kubwa ya Lubumbashi ilituomba jina. Jina moja tu. Kamati yetu ya Kamina ilikaa, ikawajadili vijana mmoja mmoja, na jina likapelekwa kwa telegrafu ya stesheni. Kijana akapewa kitanda, viatu, shule ya ufundi na jezi. Waliobaki walibaki. Hakukuwa na jina la pili, na mwaka unaofuata walikuja wengine wadogo zaidi na miguu mipya. Kwa hiyo usishangae kwamba watu walikuja kungoja nje ya chumba kile kama wanaongoja daktari atoke.

Kamati ilikuwa na kura nne: Rais wetu, aliyekuwa mkuu wa karakana, Mwalimu wa shule ya reli, Sajenti kutoka Base, na Vizitere. Mimi nilikuwa sekretere. Sikuwa na kura, nilikuwa na kalamu na daftari, na ruhusa ya kusema nikiwa na la kusema.

Zamani kamati iliendeshwa kwa fujo tu, kila mtu anamsifu wake na kumponda wa mwenzake. Ikaharibika mwaka wa mtoto wa Luena. Mama yake mtoto huyo alikuwa mjane kule kwenye machimbo ya zamani ya makaa, na mtoto alikuwa akija kwa treni ya mizigo kutuchezea. Vizitere alimsikiliza nusu saa, akaingia kwenye kamati, akasema neno moja: kifundo kinalia. Ikaisha. Hakuna aliyembishia, baada ya lile gurudumu la mkubwa nani angembishia? Mtoto akarudi Luena. Miaka miwili baadaye tukasikia yuko Kolwezi, anacheza kila Jumapili, na kile kifundo hakijawahi hata kukohoa.

Vizitere aliomba likizo ya siku tatu, akapanda treni ya mizigo hadi Luena, akaenda kumwomba yule mama msamaha. Hatukujua waliongea nini. Aliporudi alikuwa amekonda usoni. Akatuambia, "Gurudumu haina mama. Nikikosea, banatoa ingine. Mutoto iko na mama." Na akaleta kanuni.

Kanuni yenyewe ilikuwa hivi. Anayemkataa kijana ndiye atakayemsifu. Anayemtaka ndiye atakayesema makosa yake. Ndugu asimsifu ndugu yake. Na wote waseme kweli. Ukishindwa kuuona uzuri wake, huna haki ya kumkataa. Ukishindwa kuyaona makosa yake, basi humjui, unampenda tu.

Tulicheka, lakini kwa Rais ilikaa vizuri, ikapita. Na ilifanya kazi, sidanganyi. Nakumbuka Sajenti alimkataa kijana mmoja wa reli kwa sababu tu alikuwa wa reli, halafu akalazimika kumsifu. Alianza kwa kukohoa. Akasema ana mbio. Akanyamaza. Akasema anapiga vichwa vizuri. Akanyamaza tena, akajifuta uso, halafu maneno yakaanza kuja yenyewe, na alipomaliza alipiga kura kwa kijana yule yule aliyemkataa. Alitoka nje ana hasira na nafsi yake.

Vizitere aliipenda kanuni ile kuliko nyundo yake. Hilo ndilo kosa lake, na mimi ninalisema kwa sababu nilimpenda.

Sasa nifike kwenye la kwangu.

Baba yetu alikuwa amefariki, na mimi ndiye mkubwa, miaka thelathini na mmoja, nina mke na watoto wawili. Ngoy alikuwa na kumi na saba. Alicheza pembeni kushoto, na sisemi kwa sababu ni mdogo wangu: akipata mpira, hata wauza munkoyo, togwa yetu, waliacha vikombe. Mwaka ule ulikuwa wake. Mpinzani wake alikuwa mmoja tu, Lokwa, mtoto wa askari, beki wa kati, mzito, mtulivu, kijana mzuri kabisa. Kila mtu alijua ni mmoja kati ya hao wawili, na itaamuliwa Jumapili baada ya mechi.

Jumatano yake, mazoezini, Ngoy aliteleza kwenye kokoto akageuka vibaya. Alikuja nyumbani kwa miguu yake, hakulia. Usiku goti la kuume lilikuwa kubwa kama papai. Nilimkanda kwa maji ya moto na chumvi. Nikisukuma mfupa upande, ulikuwa unakwenda mahali ambapo mfupa haupaswi kwenda. Nilijua. Mimi si daktari, lakini nilijua, vidole vyangu vilijua.

Nikamwambia itabidi niseme kwa kamati. Akanishika mkono, akaniita Yaya, kama tunavyomwita kaka mkubwa.

"Yaya," akasema, "ukisema, unanifunga mulango. Sitapata mulango ingine."

Ningekuambia nilinyamaza kwa huruma. Ni kweli nusu. Nusu ya pili ni kwamba mimi pia nililitaka jina lile. Nilitaka kupita kwenye stesheni na watu waseme yule ni kaka yake Ngoy wa Lubumbashi. Karani wa bohari hana jina lingine.

Tukaeneza kwamba ana malaria. Uvimbe ukapungua Ijumaa. Jumapili asubuhi mama alichana kikwembe chake cha zamani, chekundu na kijani, nikamfunga goti. Lakini goti moja lililofungwa linaonekana, na watu si wajinga. Basi nikafunga na la pili. Magoti mawili, vitambaa viwili, rangi moja, kama pambo. Wazo lilikuwa langu, na niliona nina akili sana.

Ngoy akaingia uwanjani hivyo, na watu wakashangilia. Wakadhani ni mtindo mpya. Ee bwana wee, alicheza! Alifunga moja, akatengeneza la pili, mbio zake zikapita mbele ya Vizitere mara kumi na zaidi. Nilikuwa simtazami Ngoy, namtazama Vizitere. Kipindi chote cha kwanza alikuwa amefumba macho. Kipindi cha pili, Ngoy alipita pale na mpira, na Vizitere akafumbua macho, akageuka, akatazama watu hadi aliponipata mimi. Hakutazama kingine mpaka mechi ilipokwisha.

Saa kumi tuliingia chumbani. Telegrafu ilifungwa saa kumi na mbili. Nje upande wa kulia wake wa askari walikuwa wamekaa chini na vikapu vyao, upande wa kushoto watu wa reli wanapiga bati la uzio kwa viganja, taratibu, hawaachi. Mwaka uliotangulia walikuwa wamerushiana mawe. Rais akafunga dirisha, chumba kikawa na joto.

Wengine wote waliondolewa haraka. Yakabaki majina mawili, la Lokwa na la Ngoy. Lokwa tulimmaliza kwa kanuni, vizuri, kwa heshima. Kisha Rais akauliza, akianza na Citoyen, yaani raia, kama tulivyoitana wote wakati ule, "Citoyen Ngoy. Nani anamukataa?"

Sajenti alikuwa anainua mkono. Mkono wa Vizitere ulimtangulia.

Sote tukamtazama. Mtu wa reli kumkataa mtoto wa reli! Mwalimu akaacha kalamu ianguke. Mimi moyo uliniambia, leo ndiyo leo. Lakini kwa kanuni, aliyemkataa hasemi sababu. Anasifu.

Vizitere akasimama. Aliweka nyundo yake mezani, alikuwa ametoka nayo kazini kabla ya mechi. Akasema polepole, na mimi nikaandika neno kwa neno:

"Huyu mutoto, akipata mupira, hata mwenye anamuchukia anasimama. Hakimbiake kusudi bantu bamuone. Anakimbiaka juu iko na kwenye anaenda. Anamuona mwenzake mbele mwenzake hajajiona. Bakimuangusha, anaamuka, haangalie arbitre na filimbi yake. Minyi sijaona mwingine wa vile mu Kamina, na sizani nitaona."

Akakaa. Sajenti alikuwa ameinamisha kichwa. Nje bati lilikuwa linapigwa.

Mwalimu ndiye aliyemtaka Ngoy, kwa hiyo alisema makosa. Anakaa na mpira sana. Harudi nyuma kusaidia. Alimjibu kapteni vibaya mara moja. Makosa madogo, ya kweli, ndiyo aliyoyajua.

Rais akataka kura. Vizitere akainua kidole.

"Kuna mwingine mwenye anamutaka huyu mutoto?"

Hakuuliza chumba. Aliniuliza mimi. Kanuni ilimkataza ndugu kusifu. Haikumkataza kusema makosa. Anayemtaka ndiye atakayesema makosa yake, na nani pale chumbani alimtaka Ngoy kuliko mimi? Nilikuwa nimeandika kanuni ile kwa mkono wangu. Mlango ulikuwa wazi kabisa mbele yangu.

Saa ya ukutani ilikuwa saa kumi na moja na nusu. Vizitere alinitazama, hakupepesa. Jasho lilidondoka kwenye daftari, nikalifuta kwa kidole, wino ukaenea. Nilisikia mkono wa Ngoy kwenye mkono wangu. Nilisikia watu wa stesheni wakiniamkia. Rais akasema, "Sekretere, andika." Nikaandika: Hakuna mwingine.

Kura tatu dhidi ya moja. Sajenti mwenyewe, baada ya sifa zile, alimpa Ngoy. Ile moja ilikuwa ya Vizitere. Rais akatoka mbio na karatasi kwenda telegrafu.

Jumanne Ngoy akapanda treni na vitambaa vyake viwili magotini, juu ya suruali, watu wamwone. Kwenye stesheni watoto kama ishirini walikuwa wamejifunga magoti yote mawili kwa matambara. Mtindo ulikuwa umeshika. Kwa miaka iliyofuata hukumwona mtoto wa Kamina akicheza mpira bila matambara magotini, na hakuna aliyejua yametoka wapi, isipokuwa mimi, Ngoy na mama.

Alicheza mechi nne Lubumbashi. Ya nne goti likaenda. Hakuguswa na mtu, alikuwa anageuka tu. Walijaribu walivyoweza, wakamrudisha kabla ya mvua kwisha, na kwa kuwa mlango wa behewa ulikuwa umejaa watu na magunia, tulimshusha kupitia dirishani, mimi nimeshika mabega. Vizitere alikuwa upande ule ule na nyundo yake. Tulipompita na Ngoy mikononi, alikuwa ameinua nyundo. Hakupiga. Akaruka gurudumu lile, akaenda kwenye lililofuata. Kwa miaka yote niliyomjua, ni gurudumu moja tu nililomwona akiliruka.

Wiki ile aliacha kamati. Hakutoa sababu.

Mambo ya kamati yalikuwa siri, lakini Mwalimu ni Mwalimu. Alimwendea Ngoy kitandani kumtia moyo, akamwambia maneno aliyoyasema Vizitere, yale ya kusifu. Hakumwambia kura. Ngoy akayashika maneno yale kama mtu anavyoshika fimbo. Goti likapona vibaya, mguu ukabaki mgumu. Akafungua kibanda cha kutengeneza baiskeli karibu na soko, jioni akawa anafundisha watoto mpira. Na kibandani juu alipigilia ubao, akaandika kwa rangi nyeupe: HATA MWENYE ANAMUCHUKIA ANASIMAMA. Wateja wakimwuliza, aliwaeleza ni nani aliyesema, na juu ya nani. Nilipita chini ya ubao ule kila siku ya Mungu.

Mara ya mwisho nilipokaa na Vizitere ilikuwa miaka ya mwisho ya Zaire. Treni ilikuwa inakuja mara moja kwa wiki tatu, ikija. Yeye alikuwa amestaafu muda mrefu, mkewe amekufa, lakini kila asubuhi alishuka relini na nyundo. Nilimkuta kwenye mabehewa ya zamani, majani yamepanda hadi kwenye ekseli, familia moja inaishi ndani ya behewa, nguo zimeanikwa. Anapiga, anageuza kichwa, anasikiliza. Sikio la kushoto lilikuwa limekufa. La kulia lilikuwa linaondoka.

Nikamwamkia. Akanijua kwa sauti.

"Weye njo ulikuwa na kalamu," akasema.

Nikasema ndiyo, Papa Vizitere.

"Unipeleke kwa Ngoy. Nataka nimusikie mara moja mbele hii sikio iende."

Ningekuwa na ujanja wowote ningeutumia. Nilisema jua kali, nilisema kesho. Alikuwa ameshatangulia. Tulikwenda polepole, nyundo yake ikiwa ndiyo fimbo, na njia nzima sikumwuliza anataka kusema nini, kwa sababu nilijua.

Ngoy alikuwa kibandani na watoto sita wanangoja jioni, mpira mmoja, magoti yote yamefungwa matambara. Alipomwona mzee aliinuka kwa furaha, akaja haraka, ule mguu ukiburuta kwenye mchanga. Vizitere alimgeuzia sikio zima. Alisikiliza zile hatua tano mpaka mwisho, na uso wake ukavunjika. Ngoy hakuona. Alikuwa anawaambia watoto, huyu hapa, huyu ndiye Papa aliyesema yale maneno ya juu.

Vizitere alikataa kiti.

"Ngoy, ile siku minyi nilikukataa."

Ngoy akacheka kidogo, akadhani ni uzee. Akanitazama nimsaidie. Sikumsaidia.

"Kanuni ilikuwa vile," mzee akaendelea. "Mwenye anakataa, njo anasifu. Na nilisema kweli, yote yenye iko pale juu iko ya kweli. Lakini nilikukataa. Nilisikia goti."

Ngoy akautazama ubao. Alikaa muda mrefu akiusoma, kana kwamba umeandikwa upya. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini na ya heshima, "Papa, juu ya nini haukusema?"

"Nilimukosea mutoto wa Luena, nikaogopa sikio yangu. Na mule kulikuwa mutu mwenye alijua kuliko minyi. Nilingoja aseme." Akaegemea nyundo. "Nilingoja mubaya. Nilipashwa kusema minyi mwenyewe."

Hakunionyesha kidole. Ngoy aligeuka mwenyewe. Na mimi, mtu mzima, nywele zimeanza kuwa nyeupe, nikatoa neno nililokuwa nimelitunza miaka yote ile kwa siku hiyo.

"Ni weye uliniomba," nikasema.

"Niliomba, Yaya," akasema. "Nilikuwa na miaka kumi na saba. Weye ulikuwa na ngapi?"

Nikamjibu, kwa sababu alikuwa anangoja. Thelathini na mmoja.

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata hesabu aliyokuwa anaitafuta. Hakunipigia kelele, na ningetamani angepiga. Akamwita mtoto mdogo kuliko wote, akamkalisha kwenye tairi, akaanza kumfungua tambara la goti moja, halafu la pili. Akamwuliza goti likimuuma atamwambia nani.

"Nakuambia weye," mtoto akasema.

"Na minyi nikikuambia unyamaze?"

Mtoto akamtazama Vizitere, akanitazama mimi, hakuelewa ni mtego gani. Ngoy alimngoja. Alimngoja muda mrefu kuliko mimi nilivyongojwa chumbani mle.

"Nasema tu," mtoto akasema.

Ngoy akamwacha akimbie. Akawafungua wote sita, mmoja baada ya mwingine, Vizitere amesimama pale na sikio lake moja, na yale matambara yote kumi na mawili akanipa mimi, niende nayo nyumbani.